Tanki Asiyekufa na Wanaompa Uhai

Kuna kushindwa kwa aina moja katika Mobile Legends: Bang Bang ambako huwaacha wachezaji wakilaumiana kuliko kwingine kote. Timu inapiga, inapiga tena, skili zote zinamwishia mtu mmoja mnene aliyejisimamisha katikati ya njia, naye hafi. Nyuma yake wenzake wanne wanafanya kazi yao kwa utulivu. Mchezo ukiisha, jedwali la takwimu linaonyesha kwamba mlenga shabaha wa timu iliyoshindwa ndiye aliyetoa kipigo kikubwa kuliko wachezaji wote kumi. Basi anaandika kwamba yeye alitimiza wajibu wake, wengine ndio waliozembea. Jedwali halikudanganya. Lilichokosa kusema ni kwamba kipigo kile kiliishia kwenye mwili uliotengenezwa makusudi ili ukipokee.

Swali la namna ya kumdhibiti tanki anayetawala huulizwa kila msimu, na kila msimu jina hubadilika: mara Uranus, mara Khufra, mara Atlas, mara Akai. Majibu nayo huja kama orodha, fulani humweza fulani. Orodha hizo zina faida yake, lakini karibu zote zinachukulia kwamba matanki hutawala kwa sababu moja, yaani damu nyingi. Mimi sikubali. Anachotafuta tanki ni muda. Kila sekunde ambayo wapinzani wanaitumia kwake ni sekunde ambayo hawaitumii kwa yule anayewaua. Wako matanki wanaoupata muda huo kwa kujiponya, wako wanaoupata kwa kuwakwamisha wenzako, na wako wanaoupata kwa kuwaziba tu msipite. Ukikosea kutambua huyu wa leo ni yupi, hata silaha nzuri inakuwa dhahabu iliyotupwa.

Kwa asiyeujua mchezo, maelezo ni mafupi. Kampuni ya Moonton ya Shanghai iliutoa mwaka 2016, na makao yake makuu ya ushabiki ni Asia ya Kusini-Mashariki: Indonesia, Ufilipino, Malaysia, Myanmar. Ni watu watano dhidi ya watano, njia tatu zenye minara, msitu katikati yake, na ushindi ni kuvunja ngome ya mwenzako. Mechi nyingi huisha ndani ya robo saa na ushee. Ufupi huo si jambo dogo. Katika mchezo wa saa nzima mtu angeweza kumsubiri tanki achoke. Hapa sekunde ishirini alizowapotezea kando ya Lord, lile dubwana la msituni linalowavunjia watu minara, zinaweza kuwa ndizo mechi yenyewe.

Jambo la pili ni kwamba katika Mobile Legends huwezi kununua taa wala jicho la kuchomeka kichakani ili uone yaliyojificha, tofauti na ilivyo katika michezo ya kompyuta ya ukoo huu. Kichaka huonekana ndani mtu akishaingia. Ni nani anayeweza kuingia kichakani bila kujua kuna nini na akatoka mzima? Ni tanki. Kwa hiyo kabla hajatoa skili hata moja, timu yenye tanki imara inaiona ramani ambayo timu nyingine inaikisia tu. Wachezaji wengi hulalamikia damu yake na kulisahau hili, wakati mara nyingi hapa ndipo utawala wake unapoanzia.

Tuanze hata hivyo na damu, kwa kuwa ndiyo inayoonekana. Kanuni ya kinga katika mchezo huu ni rahisi: kipigo kinachopenya ni 120 igawanywe kwa jumla ya 120 na kinga ya anayepigwa. Mwenye kinga 120 anapokea nusu. Mwenye 240 anapokea theluthi. Mwenye 360 anapokea robo. Tanki wa mwisho wa mchezo mwenye damu 10,000 na kinga 360, basi, anahitaji kipigo cha 40,000 ili alale. Sasa mtazame mlenga shabaha ambaye kila risasi yake ina nguvu ya 600. Kwa tanki huyu zinapenya 150. Kwa mchawi mwenye damu 5,000 na kinga 40, zinapenya 450. Risasi kumi na mbili humtosha mchawi. Tanki anataka sitini na saba, tena kama amekubali kusimama tuli bila kujiponya.

Hesabu hii inaonyesha kwa nini jibu la kwanza linalomjia kila mtu, yaani kuongeza nguvu ya kipigo, ndilo jibu dhaifu kuliko yote. Ukipandisha risasi kutoka 600 hadi 700, tanki anahisi 25 za ziada. Silaha inayopunguza kinga hufanya kazi tofauti. Tuseme inakata asilimia 40 ya kinga ya adui: kinga ya 360 inashuka hadi 216, na kipigo kinachopenya kinapanda kutoka robo hadi zaidi kidogo ya theluthi. Ni ongezeko la asilimia 43. Silaha hiyohiyo kwa mchawi mwenye kinga 40 inaongeza asilimia 11 tu. Malefic Roar kwa wapigaji wa kawaida na Divine Glaive kwa wachawi zimejengwa juu ya wazo hilo, na zote mbili hupenya zaidi kadiri kinga ya adui inavyokuwa kubwa. Moonton hubadilisha tarakimu kwenye masasisho, lakini mantiki imekaa palepale kwa miaka.

Njia nyingine ni kipigo kinachohesabiwa kwa asilimia ya damu ya anayepigwa, na hapa jina linalotajwa kabla ya mengine yote ni Karrie. Kila shambulio lake huacha alama. Alama zikifika tano hulipuka kwa kipigo kisichozuiwa na kinga yoyote, kinacholingana na sehemu fulani ya damu yote ya adui. Tuchukue asilimia 10 kwa urahisi wa hesabu. Kwa tanki wa damu 10,000, kila mashambulio matano yanaleta 1,000 ambazo ukuta wa kinga hauzioni, juu ya 750 ambazo risasi za kawaida zingepenya. Kwa mchawi wa damu 5,000 mlipuko uleule unaleta 500 juu ya 2,250. Kwa maneno mengine, kumchagua Karrie ni kubashiri kwamba adui atakuletea tanki mbele yako umpige. Wakimleta, umepata. Wakikuletea wapesi wanne wanaoruka kutoka pembeni, una mlenga shabaha asiye na umbali mrefu wa kupiga na faida yake kubwa imekosa pa kutumika.

Demon Hunter Sword huchanganywa na Karrie katika mazungumzo ya vijiweni, lakini vina tofauti ambayo wengi huipita. Upanga huu huongeza kipigo kulingana na damu aliyobaki nayo adui wakati huo, na kipigo chenyewe hukatwa na kinga. Tanki akiwa mzima, unauma. Akifika nusu, umepungua kwa nusu. Kwa hiyo ni silaha ya kufungulia pambano, na anayemaliza lazima awe mwingine. Mwenye mashambulio ya haraka kama Claude anaufaidi sana mwanzoni mwa vurugu, kisha unaona tanki mwenye damu kidogo anachechemea hadi kwenye mnara wake na kupona, na watu wanauliza imekuwaje.

Sasa Uranus, ambaye ni wa aina nyingine kabisa. Yeye hajengi ukuta. Anajijazia damu vita vikiendelea. Kila anapopigwa na skili ya adui hujikusanyia nguvu inayomponya, na nguvu hizo hulimbikizana. Yaani skili ndogondogo mnazomrushia kwa wingi ndizo chakula chake. Nimeona timu ikimrushia kila kitu ilichonacho, wachawi wawili na msaidizi wao, ikishangaa kwamba damu yake inapanda. Hapa kinachotakiwa ni silaha za kukata uponyaji: Sea Halberd kwa wapigaji wa kawaida, Dominance Ice ambayo kwa kawaida hununuliwa na tanki wa upande wenu, na kwa wachawi Necklace of Durance iliyofanya kazi hiyo kwa miaka mingi. Kila moja imekuwa ikiuzwa karibu dhahabu 2,000, na kwa muda mrefu kiwango cha kukata kimekuwa karibu nusu.

Nusu ni nyingi au ni kidogo? Inategemea, na hili sijaliona likielezwa vya kutosha. Chukua Uranus mwenye damu 10,000 anayejiponya 300 kwa sekunde. Timu ya kwanza inamtoa 700 kwa sekunde. Bila kukata uponyaji anapoteza 400, anakufa kwa sekunde 25. Mkikata nusu anapoteza 550, anakufa kwa sekunde 18. Nafuu, lakini si ajabu. Timu ya pili ina kipigo hafifu, 350 kwa sekunde. Bila kukata anapoteza 50 tu, itachukua sekunde 200, na hakuna pambano la sekunde 200. Mkikata anapoteza 200, na muda unashuka hadi sekunde 50. Ni mara nne. Timu ya tatu inamtoa 140 kwa sekunde. Uponyaji uliokatwa ni 150. Hata baada ya kununua, hafi milele.

Ndiyo maana ushauri wa jumla kwamba lazima mtu anunue Sea Halberd mapema ni wa kweli kwa baadhi na ni wa hasara kwa wengine. Silaha hii ina thamani kubwa kabisa pale kipigo chenu kinapozidi uponyaji wake kwa tofauti ndogo. Mkiwa hamna kipigo kabisa, jengeni kipigo kwanza au msimguse. Na kununua watu wawili au watatu hakuzidishi kazi. Hakuna namna ya kukata nusu mbili zikawa zima. Mmoja anatosha, mradi ndiye anayemgusa mara kwa mara. Mara nyingi mtu huyo si mlenga shabaha anayekaa nyuma, bali ni yule wa mbele anayegombana naye ana kwa ana. Baxia ana alama inayopunguza uponyaji na ngao za adui bila kununua chochote, na ndiyo sababu kuwa naye dhidi ya Uranus hubadili mchezo tangu mwanzo. Kwa wale wanaotegemea ngao badala ya uponyaji, Esmeralda huila ngao ya adui na kuifanya yake, na huo ni ukatili wa aina yake.

Belerick nitampita haraka. Yeye huwalazimisha adui wampige, na akivaa Blade Armor, inayomrudishia mpigaji sehemu ya kipigo cha kawaida, mlenga shabaha anajiua mwenyewe huku kidole kikiwa bado kwenye kitufe. Atakayemweza ni mtu wa skili, hasa mchawi, akiwa mbali.

Hawa wote bado ni matanki wanaokera kwa kutokufa. Walio hatari zaidi, kwa maoni yangu, ni wale ambao kufa kwao si hoja kabisa. Atlas anarusha minyororo kwa kila aliye karibu naye, kisha anawavuta wote na kuwabwaga mahali anapotaka. Tigreal anawakusanya na kuwapoozesha kwa takriban sekunde moja na nusu. Wakifanikiwa hivyo kwa watu watatu, wanaweza kufa baada ya hapo na bado wakawa wamefanya biashara nzuri, maana watu wao wa nyuma wamepata shabaha zisizosogea. Kununua Malefic Roar dhidi ya Atlas ni kujibu swali ambalo hakuulizwa mtu. Damu yake haijawahi kuwa tatizo. Tatizo ni ile nusu sekunde aliyowakuta mmejirundika.

Na kwa nini watu hujirundika? Kwa woga. Mkishapigwa mara mbili, kila mmoja anamfuata mwenzake, na wote watano wanatembea kwenye uwazi ambao minyororo ya Atlas inaweza kuwafikia kwa pamoja. Tanki wa kuanzisha vita anaishi kwa woga huo. Dawa yake ya kwanza haina gharama: wawili mbele, mmoja pembeni, wawili nyuma kwa umbali ambao ulti moja, yaani skili kuu ya shujaa, haiwezi kuwagusa wote. Inaonekana jambo dogo hadi ujaribu kulifanya na watu wanne usiowajua, mmoja wao akiwa kwenye daladala na bando linalokaribia kuisha.

Dawa ya pili ni kuhesabu. Flicker, ile ruka ya ghafla ambayo wachezaji wengi wa Atlas na Tigreal huitegemea ili wafike katikati yenu kabla hamjakimbia, huchukua sekunde 120 kurudi. Ukiiona imetumika, una dakika mbili ambazo tanki huyo lazima aje kwa miguu. Anayekuja kwa miguu anaonekana. Timu nzuri hugeuza dakika mbili hizo kuwa Lord au mnara. Timu nyingi hata hazikumbuki kwamba imetumika. Tungekuwa na mazoea ya kuandikiana neno moja tu, Flicker hakuna, ningeamini kwamba watu wanacheza mchezo huu na si kupiga vitufe.

Kisha kuna wanaozuia kukwama. Diggie, bundi mdogo anayedharauliwa na wapenda kuua, ana ulti inayowaondolea wenzake mikwamo na kuwakinga dhidi ya mipya kwa sekunde chache. Dhidi ya Atlas ni kama kuvunja mkono uliokwisha kunyanyuliwa. Lakini ulti hiyo huchukua muda mrefu kurudi, na mchezaji mjanja wa Atlas atajifanya anaingia ili aivute, arudi nyuma, aingie kwa kweli. Valentina huenda njia nyingine: anaiga ulti ya adui, basi mkiwa naye, minyororo inakuwa ya pande zote mbili, na tanki aliyetarajia kuwa peke yake mwenye kuanzisha anajikuta akiwaza kabla ya kusogea. Purify huondoa mkwamo kwa mtu mmoja. Tough Boots hupunguza muda wa kukwama kwa asilimia 30. Sekunde moja na nusu ya Tigreal inakuwa sekunde moja na kidogo. Hicho kidogo kilichopungua mara nyingi ndicho kilichobaki kati ya mlenga shabaha kurusha ruka yake na kufa akiwa ameshika kitufe.

Khufra anahitaji maneno yake. Aliundwa kama jibu kwa mashujaa warukaji: akijigeuza mpira, kila anayeruka mbele yake hukatishwa hewani na kutupwa juu. Watu hujaribu kumkimbia kwa kuruka, na kuruka ndiko anakokungoja. Ulti yake huwarusha watu, na wakigonga ukuta hupooza. Wasipogonga hupunguziwa mwendo tu. Majibu mawili yanajitokeza hapo bila orodha yoyote. Chagua watu wasiotegemea kuruka, na wakati wa mapambano usisimame kati yake na ukuta. Nimewahi kuona mchezaji wa mashujaa wepesi akimlaani Khufra mechi nzima, na mechi nzima akipigana kwenye vijia vya msituni ambako kuna ukuta kila upande.

Katika mashindano makubwa suala la tanki lilichukua sura ambayo wachezaji wa kawaida hawakuitarajia. Tangu zamani msitu ulikuwa wa wauaji wepesi, wanaokusanya dhahabu na kumaliza watu. Kuelekea mwaka 2022 timu za juu zilianza kuwaweka matanki huko: Akai, Baxia, Barats, kisha Fredrinn. Sababu ni ya kihesabu na ni nzuri. Retribution, kile kipigo maalumu cha mtu wa msituni cha kumalizia Lord na Turtle, dubwana jingine la msituni, hupanda kwa ngazi ya shujaa na si kwa silaha alizonunua. Basi tanki mwenye ngazi sawa na muuaji ana Retribution sawa naye, lakini yeye anaweza kusimama shimoni sekunde kumi akipigwa na watano, na muuaji hawezi sekunde mbili. Akai akianza kuzunguka anamsukuma mtu wa msituni wa upande wa pili nje ya shimo, na Lord anabaki naye.

Mashindano ya dunia ya M4, yaliyomalizika Jakarta Januari 2023, yalikuwa na matanki wa aina hii tele. ECHO ya Ufilipino ilichukua ubingwa kwa kuwapiga Blacklist International 4–0 kwenye fainali. Blacklist hawakuwa watu wa kubahatisha. Desemba 2021 huko Singapore walikuwa wametwaa M3 kwa 4–0 dhidi ya ONIC PH, na mtindo wao wa uponyaji na kubanana pamoja ulikuwa umefanya timu nyingi zikate tamaa. Nahodha wao, OhMyV33NUS, alicheza nafasi ya mzururaji, ile ya tanki na msaidizi, na hilo peke yake linasema kitu: katika timu bora ya wakati ule, akili ya timu ilikaa kwa mtu asiyetegemea kuua.

Somo la kipindi cha matanki wa msituni ni kwamba tanki anayetawala hudhibitiwa pia kwa upande wa uchumi. Kama mtu wao wa msituni ni tanki, maana yake mtu mmoja anayepaswa kutoa kipigo kikubwa hayupo. Kipigo chote kimehamia kwa mlenga shabaha na mchawi. Basi maisha ya mlenga shabaha wao, anayekusanya dhahabu kwenye njia ya dhahabu, yanakuwa ndiyo mshipa wa timu. Akifuatwa na watu watatu dakika ya tatu na ya tano, akachelewa silaha mbili, ghafla yule Akai shimoni ni mtu anayezunguka bila mwenye kumalizia. Kwenye soka tunajua timu iliyopaki basi hufungwa ikilazimishwa kutoka kutafuta bao. Matanki wa msituni nao huanza kuvuja wakilazimika wao wenyewe kuua.

Hapo ndipo ninaposisitiza kumpuuza tanki. Matanki wengi hawaui haraka, hawasafishi askari haraka, na hawavunji mnara haraka. Mpe tanki nafasi ya kusimama mbele yako kwenye njia ya kati, na peleka mtu wako mwepesi akavunje mnara wa pembeni. Ama anarudi kuzuia, na hapo anafanya kazi asiyoiweza, ama anabaki, na mnara unaanguka. Chaguo zote mbili ni nzuri kwenu. Kinachowashinda wachezaji ni kwamba mtu akiwa mbele ya macho yako unataka kumpiga, na mchezo wenyewe unaweza kuelekeza mashambulio yako kwa aliye karibu, kutegemea mpangilio wako. Kuna kipengele cha kuchagua shabaha kwa mkono kwenye mipangilio, na kingine cha kumtanguliza mwenye damu kidogo. Watu hucheza miaka bila kuvigusa, kisha wanauliza kwa nini kipigo chao chote kimekwenda kwa tanki.

Turudi kwenye vichaka. Kama tanki ndiye jicho la timu yao, basi kabla ya Lord kuna kazi moja yenye faida kuliko nyingi: kumchokonoa kwa mbali hadi damu yake ishuke chini ya nusu, bila kuingia pambano. Tanki wa nusu damu haingii kichakani kwa ujasiri uleule, wala hathubutu kuanzisha, kwa sababu asipofanikiwa papo hapo amekufa na wenzake wamebaki vipofu. Mchawi kama Valir, ambaye moto wake hufika mbali na anaweza kumsukuma anayekaribia, hufanya kazi hii bila kujihatarisha. Kwa Uranus msijaribu; mtamlisha. Kwa Atlas, Tigreal na Khufra, ni sekunde thelathini zilizotumika vizuri.

Linabaki suala la kufungia mashujaa kabla ya mechi, ambalo kuanzia daraja la Epic kila timu hulipata. Desturi ni kufungia jina linalosemwa sana msimu huo, na huo ni uvivu. Nafasi za kufungia ni chache, na ukitumia moja kwa tanki umemwachia muuaji fulani mlango wazi. Kama mnachagua wa kwanza, mwacheni wazi mumchukue ninyi. Kama mko watano mnaojuana na mnasikilizana, hakuna tanki wa kuanzisha anayestahili kufungiwa kila mara, kwa maana kukaa mbalimbali na kuhesabu Flicker mnaweza. Ila kama umeingia peke yako na watu usiowajua, ningemwacha Uranus na kumfungia Atlas. Wa kwanza anadhibitiwa na mtu mmoja aliyenunua silaha sahihi, na mtu huyo unaweza kuwa wewe. Wa pili anataka watu watano wakumbuke kutokusimama pamoja.